Mchakamchaka, Pumu na Maswali 23

Kitambo sijaweka kitu humu, mnisamehe, madesa yalinizidi na bumu nalo hali yake mnaijua. Leo siandiki habari za kantini wala foleni ya maji. Naandika historia, maana ndiyo somo langu pamoja na Kiswahili, ila si Majimaji wala Vita Kuu. Ni historia ya swali moja: mtoto mwenye pumu unampima nini, mapafu yake au maisha yake?

Naanza na kosa langu mwenyewe. Kwenye BTP nilipangiwa sekondari moja ya bweni huku huku Ruvuma. Ilikuwa mwezi wa saba, na mliowahi kukaa Songea mnaijua ile baridi, alfajiri mdomo unatoa moshi kama jiko la kuni. Mimi nilikuwa mwalimu wa zamu, filimbi mkononi, najiona mkubwa kweli kweli. Kuna binti wa kidato cha kwanza alikuwa kila siku wa mwisho kwenye mchakamchaka. Siku ya tatu nikamwambia arudie mzunguko peke yake. Akakimbia. Alipofika nusu akasimama, akashika magoti, na mimi nikapuliza filimbi nikidhani anadeka. Nilipomsogelea ndipo nikasikia kifua chake kinalia kama filimbi niliyoshika.

Matroni alikuja na pampu yake, akavuta, akatulia. Jioni nilimwita nikamwomba radhi. Nikamuuliza mbona hukusema? Akanijibu, "Mwalimu, kukohoa nimezoea. Ila wakiniita mvivu ndiyo naumia."

Hilo jibu halikunitoka. Niliporudi chuo, badala ya kusoma nondo za UE, nikaanza kutafuta: hivi kuna mtu aliyewahi kukaa akapima hicho kitu, kuumia kwa kuitwa mvivu? Kumbe yupo. Na historia yake ni tamu.

Mwanzoni watu walipima pumzi tu. Mwaka 1846 daktari Mwingereza, John Hutchinson, alitangaza chombo chake cha kupima kiasi cha hewa ambacho mtu anaweza kutoa baada ya kujaza kifua. Alikuwa ameshapima watu zaidi ya 2,000. Hicho chombo ndicho babu wa vipimo vyote vya mapafu tunavyoviona hospitali. Mwaka 1959, Wright na McKerrow, nao wa Uingereza, wakaeleza kipimo chepesi zaidi: unapuliza mara moja kwa nguvu zako zote, mshale unakwambia hewa imetoka kwa kasi gani. Baadaye kikatengenezwa kidogo cha kubeba mkononi, mgonjwa akaweza kupuliza nyumbani asubuhi na jioni na kuandika namba zake.

Namba ni kitu kizuri, sibishi. Lakini mshale hauwezi kukwambia kwamba mtoto haendi kulala kwa bibi yake kwa sababu anaogopa atakohoa usiku aamshe nyumba nzima.

Mawazo yalianza kugeuka pale Shirika la Afya Duniani lilipoanza kazi mwaka 1948. Katiba yake inasema afya si kukosa ugonjwa tu, ni mtu kuwa sawa kimwili, kiakili na kijamii. Maneno mazuri, ila unayapimaje? Ilichukua miaka mingi watafiti kukubali kwamba njia ya uhakika ni kumuuliza mwenyewe kwa maswali yaliyopangwa vizuri, kisha kuyapa majibu namba.

Kwa upande wa pumu, mtu wa kumkumbuka ni Elizabeth Juniper wa Chuo Kikuu cha McMaster, Canada. Mwaka 1992 yeye na wenzake walitoa hojaji ya watu wazima yenye maswali 32. Mwaka 1996 wakatoa ya watoto wa miaka 7 hadi 17, maswali 23. Na hapa ndipo nilipomvulia kofia huyu mama. Maswali hayakuchaguliwa kwa kusikiliza madaktari peke yao. Watoto wenyewe waliulizwa ni mambo gani yanawasumbua, na yaliyowasumbua zaidi ndiyo yakaingia.

Maswali 10 yanahusu dalili: kukohoa, kubanwa kifua, kuamka usiku. Matano yanahusu shughuli, na kati ya hayo matatu mtoto anachagua mwenyewe: kama maisha yake ni mpira, ataulizwa mpira, kama ni kucheza muziki, ataulizwa muziki. Manane yaliyobaki ni ya moyo: ulikasirika? uliogopa? ulijiona tofauti na wenzako? ulijisikia kutengwa? Mtoto anakumbuka wiki moja iliyopita tu, anajibu kwa ngazi 7, ambapo 1 ni hali mbaya kabisa na 7 ni hakuna shida.

Basi nilipofika kwenye yale manane nikaweka karatasi chini. Yule binti angeweza kuwa ndiye aliyeyatunga.

Waliijaribu kwa watoto 52 kwa wiki 9, wakaona inafanya kazi: hali ya mtoto ikibadilika alama zinabadilika, ikitulia zinatulia. Wakaona pia kwamba alama ikipanda kwa nusu, yaani 0.5, mtoto mwenyewe anaisikia tofauti hiyo maishani mwake. Jambo jingine, maelekezo yanataka mtoto aulizwe bila mzazi kuwepo. Mwanzoni nilishangaa, halafu nikajikumbuka nilivyokuwa najibu "niko sawa" mama akiwa pembeni. Wazazi nao hawakusahauliwa. Mwaka huo huo ilitoka hojaji yao ya maswali 13, maana anayekesha na mtoto naye anaumwa kwa namna yake.

Sasa mtasema, hayo ya Canada, sisi je? Kwetu kazi kubwa ilikuwa kwanza kuhesabu. Mwaka 1991 ulianzishwa mradi wa dunia nzima wa kuhesabu pumu na mzio kwa watoto, unaojulikana kwa kifupi kama ISAAC. Kenya walishiriki, Nairobi na Eldoret. Shida ilikuwa lugha. Ule mlio wa kifua una jina moja Kiingereza, lakini sisi tunasema kifua kinapiga mluzi, kinalia, kinakoroma, kila mtu na lake. Kwa hiyo pamoja na maswali ya kuandika ilitengenezwa video inayoonyesha vijana wakibanwa na pumu, mwanafunzi anasema kama imewahi kumpata yeye. Mtu wa Kiswahili lazima nifurahi hapo: swali lilivuka mpaka wa lugha kwa kuonyeshwa.

Lakini ulionigusa zaidi ni utafiti mwingine wa Kenya, uliochapishwa mwaka 1998. Walichukua watoto zaidi ya 1,200 wa shule za Nairobi na Murang'a, wakawapima pumzi, wakawakimbiza dakika 6, wakawapima tena. Nairobi karibu 23% pumzi zao zilishuka baada ya kukimbia, Murang'a karibu 13%. Jamani, dakika 6! Huo si ndio mchakamchaka wetu? Tofauti ni kwamba wao walikimbiza ili wajue, mimi nilikimbiza ili niadhibu.

Hapa Tanzania, mwaka 2014 ulichapishwa utafiti wa wanafunzi wa sekondari wa Ilala na Bagamoyo. Nao ulikuta dalili za pumu zimezidi upande wa mjini. Halafu mwaka 2023 yakatoka matokeo ya utafiti wa miji sita ya Afrika, Kampala ikiwemo. Waliwauliza wanafunzi zaidi ya 27,000. Karibu 12% walikuwa na dalili za pumu, na kati ya hao ni kama mmoja tu kwa kila watano aliyekuwa ameshaambiwa na mtaalamu kwamba ana pumu.

Tulieni na hiyo namba kidogo. Wanne kati ya watano hawana jina la kinachowasumbua. Sasa asiyekuwa na jina la ugonjwa wake, shuleni anapewa jina gani? Mvivu. Mtegaji. Anayedeka. Majina tunayatoa sisi walimu, na filimbi tunapuliza sisi.

Ndiyo maana naona hii historia ni ya kwetu watu wa Ualimu kuliko ya watu wa Udaktari. Daktari anamwona mtoto dakika chache, tena kama nauli ya kufika kwake ipo. Mwalimu anamwona kutwa nzima, anajua nani hakulala, nani kakaa pembeni wenzake wakicheza. Hojaji yenyewe si ya kutumia kiholela na sisemi tugeuke madaktari. Nasema swali lake la msingi halihitaji mashine: wiki hii nini umeshindwa kufanya, na ulijisikiaje?

Kabla BTP haijaisha nilimpa yule binti kazi ya kuhesabu mizunguko ya wenzake, siku za baridi kali asikimbie kabisa. Siku ya mwisho aliniletea kikaratasi. Alikuwa ameandika siku zote alizokimbia na alizopumzika, na pembeni ya kila siku ameweka alama yake mwenyewe, 1 hadi 5. Sikuwa nimemfundisha mimi, na wakati huo hata habari za Juniper sikuwa nazijua. Siku nyingi alijipa 4.

Kikaratasi ninacho, nimekibandika ndani ya daftari la BTP. Mwaka huu tunapangiwa tena shule, na filimbi nitapewa tena. Tuombeane uzima wadau. Naomba kuwasilisha.