Makumbi, Mwani na Mizani

Kabla ya mwani kulikuwa na makumbi. Bibi mzaa mama aliyafukia kwenye tope la hapa Mlingotini, kusini kidogo ya mji wa Bagamoyo, akayakandamiza kwa mawe ili bahari isiyachukue. Miezi ilipita yakiloweka humo. Yakishaoza, wanawake waliyafukua na kuyapiga kwa magongo mpaka zikabaki nyuzi za usumba, za kusokotea kamba. Shimo lilikuwa la mtu, kupiga kulikuwa kwa wote: leo ya bibi, kesho ya jirani. Aliyekwepa zamu ya mwenzake, siku yake ikifika alipiga peke yake hadi viganja vikatoka malengelenge.

Wageni wanaokuja kutazama mashamba yetu huniuliza, mimi katibu wa kikundi, ni mradi gani uliotufundisha kushirikiana. Swali hilo huniuma, maana linamfuta bibi yangu.

Pesa za kamba ziliingia kwenye upatu. Kijumbe alipita nyumba kwa nyumba akikusanya, kapu zima likaenda kwa mmoja, na mzunguko ujao kwa mwingine. Karatasi haikuwapo. Mwenye msiba alisogezwa mbele, na mwenye zamu alikubali kusubiri. Wanaume nao walikuwa na mgawo wao: samaki wakishauzwa zinatolewa gharama, chombo kinapata fungu lake, nyavu fungu lake, kisha nahodha na mabaharia wanagawana. Aliyesaidia kuivuta ngalawa mchangani hakukosa kitoweo. Hesabu ilipigwa palepale ufukweni, watu wakiona.

Ushirika wenye muhuri ulikuja kwa njia nyingine. Sheria yake Tanganyika ilitungwa mwaka 1932, na mwaka uliofuata wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro wakasajili chama chao kikuu, KNCU. Baada ya Uhuru vyama vilienea haraka sana. Mwaka 1966 tume ya Rais ilikuta vingi vina uongozi mbovu na wanachama wasioelewa chama chao kinaendeshwaje. Mwaka 1976 serikali ikavivunja vyama vikuu, mazao yakakabidhiwa mamlaka zake. Sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mimi naona kosa lilianza pale hesabu ilipotoka ufukweni ikaingia ofisini.

Mwani tuliupata baadaye. Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alikuwa akiutafiti tangu miaka ya 1970. Kilimo cha biashara kilianza pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, na katikati ya miaka ya 1990 kikavuka hadi huku bara. Siku za bamvua, maji yakikupwa mbali, tunachomeka vigingi, tunatandaza kamba, tunafunga vipande vya mwani kwa tai-tai, vijikamba vyembamba, kimoja kimoja, migongo imepinda. Wiki sita baadaye tunavuna na kuanika.

Mnunuzi wetu wa mwanzo alitupa kamba kwa sharti tumuuzie yeye. Mizani ilikuwa yake pia. Siku moja nilipima gunia langu dukani kwa jirani: kilo 42. Kwake likasoma 37. Usiku ule somo yangu akasema, tucheze upatu, na zamu ya kwanza tuipe mizani. Tulikuwa wanawake 14. Tukaipa. Ilitundikwa kwenye tawi la mkungu nyuma ya nyumba yangu, na tawi lile hadi leo lina kovu la mnyororo. Tangu hapo hakuna gunia linalokwenda kwa mnunuzi kabla sijaliandika kwenye daftari na kulisoma kwa sauti.

Kwenye semina moja tulisimuliwa habari za wafanyakazi 28 wa Rochdale, Uingereza, baadhi yao wafumaji, waliofungua duka lao Desemba 1844 wakiuza unga, siagi, sukari na mishumaa, kwa bidhaa safi na vipimo vya haki. Nikawapenda watu wale kama jirani zangu. Nao walichoshwa na mizani ya mwingine.

Miaka ya 2000 kotonii, mwani wenye bei nzuri kuliko spinosamu, ulianza kufa. Matawi yaligeuka meupe kama mfupa, ukishika yanakatika. Maji ya kina kifupi yalikuwa yamezidi joto. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, akajaribu pamoja na wakulima wa huku Bagamoyo kamba zinazoelea kwenye kina kirefu. Huko mwanamke hafiki kwa miguu. Panahitaji mtumbwi, mwenye kuushika na mwenye kufunga. Ndipo mashamba yetu ya mmojammoja yakaungana, kama makumbi.

Pesa za kikundi ziko kwenye kasha lenye kufuli tatu, funguo kwa wanawake watatu wa nyumba tatu. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka vikundi kama chetu visajiliwe, na ni sawa. Kasha lenyewe bado tunalifungulia chini ya mkungu.

Bamvua lililopita mwenzetu alikuwa amejifungua juzi yake. Tulimvunia kamba zake, tukamwanikia, tukampimia. Mama yake alikuja badala yake, akaketi jamvini. Nilisoma jina la mwanawe: kilo 31. Akaniomba nirudie. Nikarudia.