Sauti Nne Katika Mfereji Mmoja

Msomaji wangu, mambo mengi hufa duniani si kwa kuwa ni mabaya, bali kwa kuwa walioyazaa hawakusikizana. Nimeliona hilo shuleni, katika vyama na katika jamaa. Lakini mfano ulionifunza zaidi sikuupata katika kazi yangu ya ualimu. Niliupata katika kabati la santuri zangu: sahani nyeusi za muziki wa roki zilizotolewa miaka ya 1970 kwa mtindo ulioitwa kwadrafoni, yaani sauti itokayo pande nne. Nimezikusanya na kuzisikiliza kwa zaidi ya miaka arobaini. Leo nataka kuisimulia historia yake, kwa kuwa ndani yake mna funzo, na pia kwa kuwa nimefika umri wa kuamua ni nani atakayezirithi.

Tuanze na mfereji. Kila upande wa santuri una mfereji mmoja tu, unaozunguka kutoka ukingoni hadi karibu na kati. Sindano hupita humo ikitetemeka, na mtetemo huo ndio sauti. Santuri za zamani zilibeba sauti moja. Hata ungekuwa na spika kumi, zote zingesema neno lile lile. Mwaka 1931 mhandisi Mwingereza, Alan Blumlein, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya EMI, aliomba hataza ya kuchora sauti mbili katika mfereji huo mmoja, kila ukuta wa mfereji ukibeba yake. Dunia ilichelewa kumfuata. Santuri za stirio hazikuenea madukani mpaka mwaka 1958 na baada yake.

Lakini mwanadamu hasikii ya mbele tu. Ukikaa barazani kwetu Mombasa, muuza kahawa humsikia akigonga vikombe nyuma ya nyumba kabla hujamwona; adhana hukujia kutoka kulia, na vicheko vya watoto kutoka uchochoroni kushoto. Stirio humweka msikilizaji mbele ya dirisha atazame nje. Kwadrafoni ilikusudia kumtoa nje akakae katikati ya mambo: spika mbili mbele yake, mbili nyuma, yeye kati.

Wanamuziki wa roki waliipenda fikra hiyo mapema. Tarehe 12 Mei, 1967, kikundi cha Pink Floyd kilipiga muziki katika ukumbi wa Queen Elizabeth Hall, London, sauti zikizungushwa ukumbini kwa chombo kilichoitwa Azimuth Co-ordinator. Kilikuwa kisanduku chenye usukani mdogo wa kuielekeza sauti kona yoyote, na aliyekiunda alikuwa Bernard Speight, fundi wa studio za Abbey Road. Mmoja wa visanduku vya namna hiyo umehifadhiwa katika makumbusho ya V&A mjini London. Basi wanamuziki walikuwa tayari, na mafundi wa sauti walikuwa tayari. Swali lililobaki lilikuwa moja: sauti nne zitaingiaje katika mfereji wenye kuta mbili?

Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, maana majibu yalikuja matatu. Kampuni ya CBS ya Marekani, kwa kazi ya mhandisi Benjamin Bauer, ilitoa mtindo wa SQ mwaka 1971. Sansui ya Japani ikaleta wake, QS. Mitindo hiyo miwili ilizichanganya sauti nne zikawa mbili kwa hesabu maalumu, na chombo kiitwacho dikoda kilizitenganisha tena nyumbani kwa msikilizaji. Ubaya wake ni kwamba kilichokwisha kuchanganywa hakitenganiki sawasawa. Kwa dikoda za SQ za bei nafuu, sauti ya mbele na ya nyuma zilitofautiana kwa desibeli 3 tu, na sauti iliyokusudiwa kona moja ilivuja hadi kona nyingine.

Jibu la tatu lilitoka kwa JVC ya Japani, likaitwa CD-4. Mimi niliyefundisha fizikia nalistaajabia hadi leo. Katika kila ukuta wa mfereji waliandika jumla ya sauti ya mbele na ya nyuma ya upande ule. Kisha juu yake wakaweka mtetemo wa mara 30,000 kwa sekunde, uliobeba tofauti ya sauti hizo mbili. Mwanafunzi wa hesabu atafahamu mara moja: ukipewa jumla ya namba mbili na tofauti yao, umezipata namba zenyewe. Sikio la mwanadamu huishia kwenye mitetemo 20,000 hivi, nalo la mzee kama mimi huishia chini zaidi. Kwa hiyo sauti za nyuma zilibebwa na mlio ambao hakuna mtu awezaye kuusikia. Sindano ya kawaida haikuweza kuusoma mchoro mwembamba kiasi hicho, na ndiyo maana Norio Shibata wa JVC alibuni sindano mpya iliyochongwa kwa namna yake, ambayo hadi leo huitwa kwa jina lake.

Mitindo mitatu, basi, na kila mmoja ukitaka chombo chake. CBS na EMI walishika SQ, ABC wakashika QS, RCA na Warner wakashika CD-4. Santuri hizo zote zilipigika katika stirio ya kawaida, lakini aliyetaka sauti nne alipaswa kwanza kujua ameoa katika ukoo upi. Tazama santuri ya Machine Head ya kikundi cha Deep Purple. Uingereza ilitolewa kwa SQ, na Marekani ilitolewa kwa CD-4. Wanamuziki ni wale wale na nyimbo ni zile zile, lakini mwenye chombo cha huku hakuweza kuzipata sauti nne za santuri ya kule.

Mimi niliingia katika mambo haya yakiwa yamekwisha. Mwaka 1979, nikiwa mwalimu kijana, mhandisi mmoja wa kigeni aliyekuwa akirejea kwao aliuza vyombo vya nyumba, nami nikanunua kasha la santuri. Miongoni mwake mlikuwa na Abraxas ya Santana, yenye alama ya SQ. Kwa miaka saba niliipiga kwa spika mbili na kuifurahia, huku nikijua kwamba nusu ya maneno yake yanapita bila msikilizaji. Mwaka 1986 mpwa wangu aliyekuwa akifanya kazi Uingereza aliniletea amplifaya kuukuu yenye dikoda. Fundi wa redio wa mtaani kwetu akaitengeneza. Mke wangu alizitazama nyaya zilizozunguka sebule, akauliza kama tunafunga nyumba au tunafungua. Usiku ule ngoma za Santana zilitoka kila upande wa chumba, na yeye ndiye aliyesema tuirudie.

Tangu hapo mpwa wangu amekuwa akinitafutia katika maduka ya mitumba ya London. Leo ninazo sabini na moja, za roki takriban zote. Niipendayo zaidi ni The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya mwaka 1973. Mchanganyo wake wa sauti nne ulifanywa na Alan Parsons, aliyekuwa fundi wa sauti wa Abbey Road. Wengi huzijua zile saa zinazolia kwa pamoja katika santuri hiyo, lakini wachache wajua kwamba Parsons alizirekodi kwanza kwa ajili ya kuonyesha uwezo wa kwadrafoni, katika duka la saa za kale. Asiyezisikia saa hizo pande nne amezisikia nje ya makazi yake. Mjukuu wangu wa kike alipozisikia mara ya kwanza aligeuka nyuma na kuuliza, "Babu, nani yuko mlangoni?" Hajawahi kugeuka hivyo kwa muziki wa simu yake.

Sasa turudi kwenye kifo chake. Zipo sababu nyingi zinazotajwa. Spika nne na amplifaya kubwa zilikuwa ghali, na si kila nyumba ilikuwa na kona nne za kuziweka. Baada ya vikwazo vya mafuta vya mwaka 1973 plastiki ya santuri ikapanda bei. Yote hayo ni kweli. Lakini mwaka huo huo santuri ya tamasha la Elvis Presley la Hawaii, iliyotolewa na RCA kwa CD-4, ilishika nafasi ya kwanza Marekani. Watu walikuwa tayari kununua. Walichokataa ni kununua chombo leo na kuambiwa kesho kwamba kile cha jirani ndicho kitakachodumu. Mnunuzi akangoja mshindi, kila kampuni ikangoja mwenzake ashindwe, na kufikia mwaka 1980 hapakuwa na mshindi wala mchezo.

Sisi watu wa pwani tunalijua jambo hili kwa njia nyingine. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa ulikichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu, na mwaka 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kukisanifisha. Sisi wa Kimvita tulilipa gharama. Lahaja iliyobeba tenzi za wazee wetu iliambiwa ikae nyuma ya darasa, na katika miaka yangu ya ualimu nimewasahihisha watoto maneno ambayo bibi yangu aliyatamka kwa ufasaha kuliko mimi. Sisemi uchungu huo ni mdogo. Lakini kitabu kilichochapwa Dar es Salaam kilisomeka Lamu, na mwalimu kutoka Tanga alifahamika Kisumu. Laiti kila mji ungeshika maandishi yake, tungekuwa na vitabu vya SQ na vitabu vya CD-4.

Wenye viwanda nao walijifunza, ingawa kwa kuchelewa. Mwaka 1980 Sony na Philips, waliokuwa washindani, walikubaliana juu ya kanuni moja ya sahani ndogo ya sidii, na mwaka 1982 ikaingia sokoni Japani. Iliienea dunia nzima. Ilikuwa na sauti mbili tu, lakini ilisomeka kila mahali. Nayo fikra ya sauti nne haikuzikwa kabisa. Hesabu ya kuchanganya nne katika mbili ilihamia sinema kwa mtindo wa Dolby Stereo, na waliotazama Star Wars mwaka 1977 katika kumbi zenye vyombo hivyo waliisikia bila kuambiwa jina lake.

Na mchanganyo wenyewe? Hapa ndipo ninapoona thamani ya wakusanyaji. Mchanganyo wa sauti nne si ule wa stirio uliotanuliwa. Ni kazi nyingine, iliyotengenezwa upya kutoka kanda za mwanzo, kila ala ikipangiwa mahali pake. Kwa miaka mingi kazi hizo hazikuwa madukani kabisa. Ziliishi katika ghala za kampuni na katika kabati za watu waliokataa kuzitupa. Ule wa Parsons ulitolewa rasmi tena mwaka 2011, na kampuni ya Rhino nayo imekuwa ikitoa michanganyo ya namna hiyo katika diski za Blu-ray. Naamini wasingezikumbuka kama kusingekuwa na wazee wenye nyaya sebuleni waliokuwa wakiziulizia.

Kuna jambo moja linalonikera katika santuri za CD-4. Sindano isiyofaa huula ule mtetemo wa 30,000 kabla ya kuugusa muziki unaosikika. Mpigaji hatambui hasara. Wimbo bado ni mtamu, ila upande wa nyuma umefutika milele. Ninazo kumi na mbili zilizonifikia hali hiyo. Waliozipiga hawakuharibu kwa ubaya. Hawakujua kwamba lisilosikika ndilo lililobeba nusu ya sauti.

Wanangu wamenishauri niuze santuri mbali na vyombo mbali, kwa kuwa kila kimoja kina mteja wake. Nimekataa. Nimeandika katika karatasi ya wosia kwamba santuri sabini na moja, amplifaya, dikoda zote mbili, sindano ya Shibata na spika nne ni mali moja, isiyogawanywa, na itakwenda kwa yule mjukuu aliyegeuka nyuma. Nimemfundisha kuitambua alama ya kila mtindo na kubadili sindano kwa mkono mwepesi. Ndugu zake wamenung'unika kidogo kwamba amepewa makubwa. Nimewajibu kwamba sikumpa makubwa, nimempa kazi.