Kanuni za Wote, Nyuso za Mwenyewe

Kuna aina ya shujaa ambaye hana riwaya, hana filamu, hana hata utenzi wa kumsifu. Nyumbani kwake ni kurasa za jarida. Mwezi huu unamkuta akining'inia kwenye daraja linaloungua. Mwezi ujao amekamatwa miguu na mnyama wa baharini. Mwezi wa tatu huyo hapo, mzima kabisa, nywele zilezile, upanga uleule. Hazeeki, na hakuna anayekueleza alitokaje majini.

Naongea kuhusu majarida ya michezo ya kuigiza wahusika, ile ambayo mnaketi mezani, mmoja anasimulia, wengine mnakuwa mashujaa, na kete ya pande 20 inaamua kama umepona au umekwisha. Mama wa michezo hii ni Dungeons & Dragons, iliyotoka Marekani mwaka 1974. Jarida lake, Dragon, lilianza Juni 1976. Nimepitia matoleo mengi ya zamani nikiwa kwenye simu, na kila nikiona sura ileile imerudi najiuliza swali moja: huyu ni wa nani?

Hebu tuanze na joka. Mwaka 1977 mchoraji David Trampier alianza kuchora hadithi ya picha ndani ya Dragon, jina lake Wormy. Wormy alikuwa joka mvuta sigara, mcheza pool, na hadithi ilisimuliwa upande wa mazimwi badala ya upande wa mashujaa wanaowawinda. Trampier hakuwa mchoraji wa pembeni. Jalada la kitabu cha wachezaji cha 1978, lile lenye sanamu kubwa ya shetani na wezi wanaong'oa jiwe la jichoni, ni kazi yake.

Halafu, Aprili 1988, Wormy akakatika. Hadithi ilikuwa katikati, na haikuendelea tena. Trampier aliondoka kwenye ulimwengu ule kabisa, hadi baadhi ya wasomaji wakaamini amefariki. Mwaka 2002 gazeti la wanafunzi wa chuo kikuu huko Carbondale, Illinois, liliandika habari za dereva wa teksi wa zamu ya usiku. Dereva mwenyewe alikuwa yeye. Alifariki Machi 2014. Hakuna mchoraji mwingine aliyeitwa kuja kumalizia. Wormy alikuwa mkono wa mtu mmoja, na mkono ulipoacha, joka likanyamaza.

Uingereza mambo yalienda tofauti. Kwenye jarida la White Dwarf, kuanzia 1983, Carl Critchlow alichora Thrud, jitu la misuli mikubwa na kichwa kidogo kama ndimu. Mzaha mtupu kuhusu mashujaa wa mapanga. Jarida lilipobadilika, Thrud hakuzikwa nalo. Mwaka 2002 Critchlow alianza kumchapisha mwenyewe. Msee aliondoka na mtoto wake.

Sasa njoo mwaka 2000, mchezo unakuwa biashara ya kweli. Kampuni ya Wizards of the Coast ilikuwa imeinunua TSR, waliokuwa na Dungeons & Dragons, mwaka 1997, na ikatoa toleo la tatu la mchezo. Safari hii walipanga mashujaa kabla hata ya kuchora: kila kazi ya mchezo na sura yake ya kudumu. Tordek mbilikimo mpiganaji. Mialee mchawi. Lidda mdogo wa umbo, fundi wa kufungua kufuli. Ember, mwanamke mweusi, mtawa anayepigana kwa mikono mitupu. Wachoraji Todd Lockwood na Sam Wood ndio waliowapa miili na mavazi.

Ilikuwa akili nzuri. Kanuni za mchezo huu ni nyingi na kavu, lakini ukiambiwa "Lidda anajaribu kufungua mlango", unaelewa haraka kuliko ukisoma "mhusika atapiga kete". Sura moja ikirudi mara kumi, unaizoea. Ukiizoea, unaanza kujiweka mahali pake.

Na hapo ndipo siasa inaingia. Mpiganaji wa kwanza kwenye mpango alikuwa Tordek, yule mbilikimo. Jonathan Tweet, mmoja wa wabunifu watatu wakuu wa toleo hilo, alisimulia baadaye kwamba watu wa mauzo walitaka mwanamume Mzungu awekwe mbele. Ndivyo Regdar alivyozaliwa. Ona basi: Ember alikuwepo, ndiyo, na kwa mwaka 2000 hilo halikuwa jambo dogo. Lakini mtu wa kuuza duka alitafutwa kwingine. Kuwa kwenye picha na kuwa kwenye jalada ni vitu viwili.

Kuna jambo jingine lililofanyika mwaka huohuo ambalo kwangu ndilo kiini. Kampuni ilitoa leseni huria: mtu yeyote angeweza kutumia kanuni za msingi za mchezo kuchapisha vitabu vyake, bila kulipa. Ila leseni iliacha kitu nje. Majina ya wahusika na sura zao zilibaki mali ya kampuni. Yaani, chukua hesabu zote unazotaka, lakini Regdar humgusi.

Mwaka 2002 kampuni ndogo, Paizo, ikapewa kazi ya kuchapisha Dragon na jarida dada yake, Dungeon. Mwaka 2007 wenye mali wakakataa kuongeza mkataba. Matoleo ya mwisho ya karatasi yalitoka Septemba mwaka huo. Fikiria uko kwenye ofisi ile: una wasomaji, una waandishi, una kanuni ambazo leseni inakuruhusu kutumia. Huna hata uso mmoja.

Wakatengeneza wao. Agosti 2007 walianza Pathfinder, mfululizo wa vitabu vya kila mwezi, na Mwingereza Wayne Reynolds akachora kikosi kipya: Valeros mwenye panga mbili, Seoni mwenye michoro mwilini, Kyra kuhani aliyejifunga kitambaa kichwani. Safari hii walipewa pia maisha. Seelah, mwanamke mweusi, knight mtakatifu, alikuwa mtoto mwizi aliyeiba kofia ya chuma ya shujaa wa kike. Vita vilipokuja, shujaa yule alipigwa kichwani akafa. Seelah akaenda kuirudisha kofia kwenye mazishi, tayari kuungua pamoja naye, na wenzake marehemu wakamchukua wamlee. Hapo si rangi tu iliyoongezwa kwenye picha. Ni mtu mwenye deni.

Namheshimu Seelah. Lakini sisahau kwamba na yeye ana mwenyewe, na mwenyewe ni kampuni, kama ilivyokuwa kwa Ember. Paizo walijifunza kwa uchungu kwamba kanuni unaweza kuazima, uso hapana, kwa hiyo wakahakikisha nyuso za sasa ni zao.

Nawaandikia hasa nyinyi mnaochora. Kazi za mtandaoni zinakuja, doo inaonekana, na mkataba una kurasa nne ambazo hakuna anayetaka kusoma. Soma pale panaposema mhusika atabaki wa nani kazi ikiisha. Kuuza uso si dhambi. Watu wamelipa kodi ya nyumba hivyo. Ila uuze ukijua. Kuna njia ya Critchlow, ya kuondoka na mtoto wako. Kuna njia ya Regdar, ya kubaki dukani hata wabunifu wakishatoka. Na kuna ile ya Wormy, ambaye hadi leo hadithi yake imesimama pale ilipokatikia Aprili 1988.