Majani Makavu ya Usambara

Mwaka mmoja, nikiwa Hamburg, nilitoa fedha mfukoni kununua kopo dogo la maua ya zambarau. Muuzaji akanieleza kwamba Wajerumani huliita ua hilo kwa jina la milima ya Usambara. Mimi, mtoto wa Lushoto, nalipia ua la kwetu! Nilicheka, kisha nikajiuliza: lilifikaje huku, na nani alimlipa nani?

Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga zama za Wajerumani, alilipeleka kwa baba yake Ujerumani. Baba akampa Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hanover, naye mwaka 1893 akalitangaza kwa jina la Saintpaulia ionantha. Kisha likaingia kwa wauza mbegu, kampuni ya Ernst Benary ya Erfurt.

Lakini kinachonigusa zaidi ni kisa cha Carl Holst, aliyekusanya mimea Mlalo na kwingineko Usambara mwanzoni mwa miaka ya 1890, akafariki 1894. Mkusanyaji wa siku zile hakukata tawi moja tu. Alikata kadhaa ya mti ule ule, akayabana katika karatasi hadi yakauke, na yote akayapa namba moja. La kwanza lilibaki Berlin kwa Profesa Adolf Engler. Yaliyozidi yalikuwa kama sarafu. Berlin ikiwapa Waingereza wa Kew majani ya Usambara, ilitarajia kurudishiwa ya nchi nyingine. Asiye na cha kubadilisha alilipa taslimu. Kule Esslingen, tangu 1825, kilikuwapo chama ambacho wanachama walichanga kwanza, ndipo msafiri akatumwa. Ndivyo Wilhelm Schimper alivyofika Uhabeshi, na kila aliyechanga akapata fungu lake la majani.

Machi 1943 mabomu yaliunguza ghala la mimea la Berlin, na mikusanyo mingi ya Afrika ya Mashariki ikawa majivu. Leo mtaalamu anayetaka kujua Engler aliutazama mti gani alipoandika neno usambarensis, hutafuta vile vipande vilivyobadilishwa zamani. Naam, ule ubahili wa kuhesabiana tawi kwa tawi ndio uliotuhifadhia.

Na Wasambaa waliokwea miti na kubeba karatasi mvuani? Huenda walipata ujira. Ila ujira si mabadilishano. Anayebadilishana huandikwa daftarini, na hudai.

Siku moja niliingia katika chumba cha mimea iliyokaushwa cha kituo cha utafiti wa misitu, Lushoto. Nikaonyeshwa tawi la mkulo. Chini ya jina la Kilatini, pamoja na jina la mkusanyaji na tarehe, mtu alikuwa ameandika kwa kalamu: mkulo. Neno hilo lazima alilisikia kwa mwenyeji fulani, amesimama chini ya mti ule. Niliigeuza karatasi taratibu nitazame nyuma. Palikuwa patupu.