Chombo cha Kutazamia Tumboni

 Ninyi mnaosoma somo hili darasani kule Kasulu na Kibondo, fungueni madaftari yenu.

Leo tutasoma historia ya chombo kimoja cha hospitali. Yamkini una ndugu aliyesumbuliwa na tumbo siku nyingi, akapewa barua ya kwenda hospitali kubwa ya mbali, labda Bugando kule Mwanza, apate “kumeza mpira”. Mpira huo jina lake ni endoskopi. Huingia kinywani, hushuka mpaka tumboni, na daktari huona ndani bila kupasua. Ni msaada mkubwa. Lakini chombo kinachoingia ndani ya mtu mmoja leo, kesho kitaingia ndani ya mwingine. Je, kikibeba ugonjwa?

Chombo hiki kilianzaje? Mwaka 1806 daktari mmoja Mjerumani, Philipp Bozzini, alionyesha kisanduku chenye mshumaa na kioo cha kutupia mwanga ndani ya mwili. Mwaka 1868 Mjerumani mwingine, Adolf Kussmaul, alipitisha bomba la chuma lililonyooka mpaka tumboni mwa mtu aliyezoea kumeza panga katika michezo. Wewe na mimi tusingaliweza! Ndipo mwaka 1957 Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyefanya kazi Marekani, akatumia nyuzi nyembamba za kioo zinazopitisha mwanga hata zikipindwa. Mpira ukawa laini. Aliumeza kwanza yeye mwenyewe, kisha akamtazama mgonjwa.

Sasa tuweke mpira kando kidogo, tutazame chombo unachokijua sana: sindano. Mwaka 1976, huko Yambuku katika nchi ya jirani zetu wa Kongo, hospitali ya misheni ilikuwa ikitoa sindano 5 tu kila asubuhi kwa wagonjwa wote wa nje. Baina ya mgonjwa na mgonjwa, sindano ilisuuzwa katika maji ya vuguvugu. Ugonjwa wa Ebola ulipoingia, sindano zile ziliueneza. Waliougua katika mlipuko ule walikuwa 318, na 280 kati yao walikufa. Wauguzi nao walikufa. Hakuna aliyekusudia ubaya, ila kusuuza si kusafisha.

Basi, rudi kwenye mpira. Sindano siku hizi hutumika mara moja ikatupwa. Mpira ni wa bei kubwa, hautupwi. Wala hauchemshwi, maana moto huuharibu. Fikiri kibuyu cha maziwa chenye shingo nyembamba. Nje chang’aa, lakini ndani ya shingo maziwa yameganda. Mpira nao una vijia vyembamba ndani yake. Kwa hiyo lazima uoshwe mara tu unapotoka mwilini, vijia visuguliwe kwa brashi, ulowekwe katika dawa ya kuua vijidudu kwa muda uliowekwa, usuuzwe kwa maji safi, kisha ukaushwe kabisa. Ukiachwa na unyevu, vijidudu huzaana usiku.

Tena, kosa laweza kuwa katika chombo chenyewe. Mwaka 2015 ilitangazwa kwamba katika hospitali moja ya chuo kikuu mjini Los Angeles, Marekani, wagonjwa 7 walikuwa wameambukizwa vijidudu visivyosikia dawa, na 2 kati yao walikufa. Vilipita katika mipira ya kutazamia mfereji wa nyongo. Hospitali ilisema imesafisha kama watengenezaji walivyoagiza. Lakini ncha ya mpira ule ilikuwa na pembe ndogo zisizofikika vizuri kwa brashi. Mwezi wa Januari 2016 kampuni ya Olympus ilianza kuirudisha mipira hiyo ili irekebishwe. Mwaka 2018 ilikiri mahakamani kwamba haikutoa taarifa zilizotakiwa kuhusu wagonjwa walioambukizwa kabla ya hapo, ikatozwa dola milioni 85. Ukimya wa namna hiyo huweza kuchelewesha onyo.

Kurudisha chombo chenye kasoro si jambo la Wazungu tu. Mwishoni mwa mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani liliondoa katika orodha yake kipimo kimoja cha haraka cha virusi vya Ukimwi, na serikali ya Kenya ikaamuru kiondolewe katika hospitali na zahanati. Hapa Tanzania kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyopata jina hilo mwaka 2019.

Lakini Mamlaka haiwezi kuona kila kitanda. Ndugu yangu, usikatae kipimo kwa hofu, maana ugonjwa uliojificha waweza kuua. Uliza kwa adabu: “Bwana Mganga, mpira huu umesafishwaje?” Tunza karatasi yenye tarehe na jina la hospitali. Ukirudi Kibondo ukapata homa, ipeleke kituoni, ili muuguzi ajue ulipotoka na aandike taarifa. Bila taarifa hiyo, chombo kibovu kitaendelea na kazi.

Kuuliza si ujinga. Kwaherini.

Maswali
1. Kwa nini sindano za Yambuku zilieneza ugonjwa?
2. Mpira umefananishwa na chombo gani cha nyumbani? Kwa nini?
3. Kwa nini utunze karatasi ya hospitali?