Mto Tana na Hesabu ya Gharika

Ajapo mgeni Madogo kwa njia ya Mwingi, akiisha kuchoshwa na nyika ya migunga na vumbi, hukutana ghafula na mikoma, migomba na miembe iliyobanana kando ya maji ya rangi ya udongo. Naye, kwa kuuona utajiri huo umeshikamana na ukingo, aghalabu hudhani kuwa umetokana na maji yapitayo mtoni, ilhali asili yake hasa ni yale yatokayo mtoni yakatandaa nchi kavu.

Gharika ya masika na ya vuli, ishukayo kutoka Mlima Kenya na Nyandarua, ndiyo iliyokuwa ikimletea Mpokomo rutuba ya kupandia mpunga, ikimwoteshea Muorma malisho ya kiangazi, na kuishibisha ardhi ya chini ambako mizizi ya misitu hunywa miezi yote ya ukame. Mkuyu, ambao tini zake ni riziki ya wanyama wengi, huchipuka kwenye fungu jipya lililoachwa na maji. Pasipo gharika hapana fungu, na pasipo fungu mikuyu ya leo huzeeka bila warithi. Katika misitu hiyo, na si penginepo duniani, wamo mbega mwekundu wa Tana na mangabei wa Tana, ambao kwa ajili yao ilitengwa mwaka 1976 hifadhi ya kilomita za mraba 169.

Hapo ndipo fikra ilipokosea. Hifadhi ilichorewa mipaka juu ya ardhi, na uhai wake u majini, mbali sana juu ya mto, ambako serikali ile ile iliyoitenga ilijenga mabwawa, Kindaruma mwaka 1968, kisha Masinga 1981 na Kiambere 1988, ili maji yashuke kwa kipimo cha mitambo ya umeme. Lawama zikamwangukia mkulima, kwamba akata mikindu agemayo tembo na kufyeka msitu apate konde. Naam, hukata, na madhara yapo, kwa kuwa tende za mkindu ni chakula cha mangabei. Lakini aliyeipunguza gharika iliyomlisha huyo mkulima hakuitwa barazani. Si ajabu basi kwamba shauri lilifika Mahakama Kuu, nayo mwaka 2007 ikaamua kuwa hifadhi haikuanzishwa kwa mujibu wa sheria.

Atakayesema gharika ni msiba ana hoja, maana watu wa Madogo waliona nyumba zikizama na barabara ya Garissa ikikatika mwaka 2023 na tena 2024. Walakini mabwawa hayakuyazuia hayo. Yakijaa hufurika, na ziada yote hushuka kwa mkupuo. Zilizopunguzwa ni gharika ndogo zenye manufaa. Zile za kuangamiza zimebaki. Bwawa la High Grand Falls, likijengwa juu ya Tana kama linavyokusudiwa, litauzidisha upungufu huo, isipokuwa mkataba wake uwe na sharti la kufungulia maji kwa makusudi majira ya mvua, kama yalivyofunguliwa katika bwawa la Manantali kwa mashamba ya bonde la mto Senegal, na la Pongolapoort huko Afrika Kusini, na wenyeji wapewe habari siku kadhaa mbele, ili mwenye mtumbwi, mwenye ng'ombe na mwenye mpunga kila mmoja ajiweke tayari.