Gamba Lisilo na Mwenyewe



Sisi tuliokulia pwani tunaujua mchezo wa kuokota makombe maji yanapotoka. Siku moja, nikiwa na umri wa miaka saba hivi, niliokota kombe zuri la konokono wa baharini, nikalitia mfukoni, na kabla sijafika nyumbani nikabanwa paja. Aliyekuwamo hakuwa konokono. Alikuwa kaa mdogo aliyehamia humo baada ya mwenyewe kufa. Marehemu bibi alicheka mpaka akakaa chini, kisha akasema, "Mjukuu wangu, umeiona nyumba tu, hodi hukupiga."

Maneno hayo yalinirudia mwaka 2022 hapa Toronto, nilipompeleka mpwa wangu kwenye jumba la Royal Ontario Museum, katika ukumbi wa mwanzo wa uhai uliofunguliwa Desemba 2021. Alisimama mbele ya jiwe jeusi lenye alama ya kitu kilichochongoka, mfano wa koni ya aiskrimu, akaniuliza, "Mjomba, huyu ni konokono?" Nikamjibu harakaharaka, "Ndiyo." Usiku ule nikakaa kusoma, na nikaona kwamba nimemdanganya mtoto. Nilichojifariji nacho ni kimoja: kosa langu walikwisha kulifanya mabingwa kabla yangu.

Mnyama mwenyewe huitwa hiolithi. Jina la Hyolithes alilitoa mtaalamu Eichwald mwaka 1840. Viumbe hawa walitokea baharini katika enzi ya Kambri, zaidi ya miaka milioni 500 iliyopita, wakaishi kwa zaidi ya miaka milioni 280, kisha wakatoweka wote katika maangamizi makubwa ya mwisho wa enzi ya Permi, kiasi cha miaka milioni 252 iliyopita. Gamba lao lilikuwa na umbo la koni, na juu ya mdomo wa koni palikuwa na kifuniko. Baadhi yao walikuwa pia na vijiti viwili vilivyopinda, kimoja kila upande, vikitokeza baina ya koni na kifuniko.

Basi ukipewa koni na kifuniko, utasema ni nani? Wengi walisema ni moluska, yaani ukoo mmoja na konokono, chaza, ngisi na pweza. Hoja ilikuwa nyepesi: ana gamba, na gamba lake linafanana na la konokono. Kumbe vipande vya mnyama huyu hata havikukutwa pamoja kila mara. Charles Walcott, Mmarekani aliyekuja kuwa mkuu wa Smithsonian, aliviona vile vijiti vilivyopinda vikiwa peke yake, akadhani ni mnyama kamili, akampa jina la Helenia. Kwa upande wa pili, mwaka 1899 G. F. Matthew aliuona mwiba mmoja katika mawe ya milima ya Kanada, akauandika kuwa ni hiolithi. Baadaye ikajulikana kwamba mwiba ule ni wa mnyama mwingine kabisa, aitwaye leo Wiwaxia, aliyejaa magamba na miiba mgongoni. Mmoja alikigeuza kiungo kuwa mnyama, na mwingine akampa mnyama huyu kiungo cha jirani.

Ubishi ukaendelea hadi zama zetu. Mwaka 1975 Bruce Runnegar na wenzake waliandika kwamba hawa si moluska, wanastahili kupewa faila yao wenyewe. Mwaka uliofuata Ladislav Marek na Ellis Yochelson wakashikilia kwamba ni moluska. Pande zote mbili zilikuwa na watu makini, na zote zilikuwa na magamba yale yale mkononi.

Mimi kazi yangu ni uhandisi wa mitambo, na jambo hili nalielewa kwa maumivu. Nikiwa kijana mpya kazini nililetewa pete ya chuma iliyookotwa karibu na pampu kuukuu isiyo na mchoro. Kwa kuwa nilitoka chuo kikuu cha Ulaya sikutaka kusema "sijui." Nikasema ni ya pampu, tukaagiza spea, tukasubiri wiki nyingi. Ilipofika haikuingia popote. Pete ilikuwa ya vali iliyokuwa pembeni. Umbo hukwambia kitu kingeweza kufanya kazi gani, halikwambii kilitoka wapi. Nyumba mbili zinaweza kufanana paa, na wenyeji wasiwe na undugu hata kidogo.

Kwa hiyo kilichohitajika ni mwenye nyumba, yaani nyama yake laini. Na nyama, kama tujuavyo, huoza kabla haijageuka kisukuku. Lakini kuna mahali pachache ambapo matope yaliwafunika wanyama ghafla, hata utumbo ukabaki kama picha nyembamba juu ya jiwe. Mahali mashuhuri ni Burgess Shale, katika milima ya British Columbia, alipopagundua Walcott huyohuyo mwaka 1909. Mawe yake yana umri wa miaka kama milioni 508.

Januari 2017 jarida la Nature lilichapisha makala ya Joseph Moysiuk, Martin Smith na Jean-Bernard Caron. Moysiuk alikuwa bado mwanafunzi wa shahada ya kwanza hapa Chuo Kikuu cha Toronto. Walichunguza vielelezo zaidi ya 1,500 vya hiolithi aitwaye Haplophrentis, na katika baadhi yao wakaona kilichokuwa kimefichika chini ya kifuniko: mdomo wenye safu ya minyiri laini, kama mtego wa kunasia chakula majini. Kiungo cha namna hiyo wanacho brakiopoda, wanyama wenye makombe mawili ambao bado wako baharini hadi leo, na ambao wenyewe zamani walihesabiwa na moluska kwa sababu ya makombe yao. Na vile vijiti viwili, walisema, vilikuwa kama miguu ya kumwinua mdomo wake juu ya matope.

Je, kesi ilifungwa? La hasha. Mwaka 2018 watafiti walieleza hiolithi wa Chengjiang, China, mwenye kikonyo cha kujishikiza chini kama brakiopoda, na ushahidi ukazidi. Mwaka 2019 wengine wakaonyesha kwamba gamba la hiolithi, likitazamwa kwa darubini kali, limejengwa kwa namna ya magamba ya moluska. Mwaka 2020 wengine tena, kwa kielelezo kingine cha Chengjiang, wakasema minyiri ile si ya kibrakiopoda hasa, na kwamba hiolithi ni tawi la kale zaidi, karibu na shina walikotoka moluska na brakiopoda wote.

Wapo watakaosema: sasa elimu gani hii isiyotulia? Mimi naona kinyume. Miaka ya mwanzo watu walibishana juu ya nyumba. Leo wanabishana juu ya mwenye nyumba, naye ameonekana kwa macho. Swali limesogea, na halitarudi lilikokuwa.

Nilimpigia simu mpwa wangu kumwomba radhi. Nikamwambia yule si konokono, ana jamaa baharini, ila bado wazee wanapekua kujua kama ni ndugu wa tumbo moja au ni babu wa ukoo mzima. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Sasa, Mjomba, kwa nini siku ile ulisema ndiyo?"

Swali la hiolithi nilikuwa na jibu lake. Hilo la pili bado nalitafakari.